Ufadhili wa utafiti wa uzamili ng'ambo kuhusu kilimo na tabianchi: nianzie wapi?

Afisa Kilimo wa Terego

Salaam kwenu wanajukwaa wote.

Mimi ni afisa kilimo katika mojawapo ya kaunti ndogo za wilaya ya Terego, West Nile, na nimekuwa katika kazi hii tangu nilipohitimu shahada ya kwanza ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Gulu miaka minne iliyopita, kwa daraja la pili la juu. Nina umri wa miaka 31, nina mke na watoto wadogo. Ninataka kusoma shahada ya uzamili yenye utafiti wa kweli ndani yake, ng'ambo ikiwezekana, kuhusu kilimo na mabadiliko ya tabianchi, na kwa mshahara wangu jambo hilo haliwezekani bila ufadhili kamili.

Kinachonisukuma ni kazi yenyewe. Wakulima ninaowahudumia hupanda mahindi na karanga kwa mvua za kwanza, mwishoni mwa Machi au Aprili, kisha wakishavuna hulima tena na kupanda simsim (ufuta), ambayo ndiyo inayowapa fedha za karo na matibabu. Mvua za kwanza zikichelewa, mahindi huchelewa kukomaa, shamba huchelewa kuwa wazi, na simsim hupandwa wakati ambapo, badala ya kujaza mbegu kwenye maganda mvua zikiwapo, inajaza mvua zikiwa zinakata. Wazee husema mvua imehama. Vijana husema mbegu imechoka, kwa sababu ni ileile inayotunzwa nyumbani mwaka hadi mwaka. Ninapoulizwa mimi, sina jibu ninaloweza kulitetea mbele ya mtu yeyote, na hilo linanisumbua kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Nimesoma matangazo ya ufadhili ya Ujerumani, Japani na Uingereza, na kila moja lina masharti yake, mengine yakitaka andiko la utafiti na mengine yakitaka barua ya kueleza nia tu. Naomba kufahamishwa: je, mtu hutafuta kwanza mfadhili, chuo, au msimamizi? Andiko la utafiti linaloaminika linafananaje? Na je, kuwa mtumishi wa wilaya mwenye familia ni kikwazo au ni msaada? Nitashukuru kwa majibu ya waliowahi kuipita njia hii au wanaoisimamia.

Mtafiti wa Namulonge

Ndugu Afisa, asante kwa kueleza hali yako kwa ukamilifu. Nimesoma maandiko mengi ya vijana wanaoomba ufadhili, mengine kama msimamizi wao na mengine kama mtu aliyeombwa tu kuyatazama kabla hayajatumwa, na kwa maoni yangu umekwisha kulishika jambo gumu kuliko yote, ingawa umeliweka katikati ya maelezo yako kana kwamba ni la pembeni. Simsim inayojaza mbegu wakati mvua zinakata: hilo ndilo andiko lako. Mengine yote uliyouliza yatajipanga nyuma yake.

Kwa ufadhili wa utafiti, utaratibu ninaouamini ni swali kwanza, kisha mtu wa kukusimamia, kisha mfadhili. Wengi huanzia mwisho. Huona tangazo wiki tatu kabla ya kufungwa, kisha hutafuta mada itakayolifaa tangazo hilo, na matokeo yake ni kichwa kama "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa kilimo nchini Uganda", ambacho hakuna mtu mmoja anayeweza kukifanyia kazi kwa miaka miwili. Nchi hii haina kilimo kimoja wala mvua za aina moja. Karamoja ina msimu mmoja wa mvua na ufugaji wa kuhamahama, ukanda wa Ziwa Victoria una misimu miwili yenye migomba na kahawa, Kabale ni miteremko na viazi, na kwenu West Nile misimu miwili inakaribia kuungana na kuwa mmoja mrefu unaolegea katikati. Msomaji wa maombi akiona kichwa kinachoyameza yote hayo, huelewa mara moja kwamba mwombaji hajaenda shambani, hata kama kwa kweli amekwenda.

Sasa tulichambue swali lako, kwa sababu lina sehemu kadhaa ambazo hazipimwi kwa njia moja.

Sehemu ya kwanza ni mvua yenyewe. Kusema "mvua zimechelewa" hakutoshi mpaka useme mvua zinahesabiwa kuwa zimeanza lini. Watafiti huweka kigezo, kwa mfano milimita 20 ndani ya siku tatu, zisizofuatiwa na kipindi kirefu cha ukavu ndani ya siku 30 zinazofuata, kwa sababu mvua moja kubwa ya Machi ikifuatiwa na jua la wiki mbili humdanganya mkulima akapanda na mbegu zikafia ardhini. Ukishaweka kigezo, unahitaji takwimu za kila siku za miaka mingi. Vituo vya kupimia mvua katika eneo lenu ni vichache, lakini zipo takwimu za CHIRPS, zinazochanganya picha za setilaiti na vipimo vya ardhini, ambazo zinaanzia mwaka 1981, zimegawanywa katika miraba ya takribani kilomita tano kwa tano, na hutolewa bure kwenye intaneti. Unaweza kuzipata leo ukiwa Terego, na ukachora mwanzo na mwisho wa misimu kwa zaidi ya miaka 40 kabla hujaomba shilingi moja kwa mtu yeyote. Huo peke yake ni ushahidi mzito ndani ya andiko, maana unaonyesha kwamba unaweza kazi hiyo. Usiache kuzilinganisha na vipimo vya kituo cha Arua popote utakapoweza kuvipata, kwa sababu setilaiti hukosea, hasa katika mvua kali za muda mfupi.

Sehemu ya pili ni kalenda ya mkulima: tarehe aliyopanda mahindi, tarehe aliyovuna, tarehe aliyolima tena, tarehe aliyopanda simsim. Hapa ndipo unapowazidi waombaji wengine wote, maana hakuna setilaiti inayoweza kueleza kwa nini shamba lilikaa wazi siku kumi bila kulimwa. Huenda mahindi yalichelewa kukauka. Huenda pia maksai wa kulimia walikuwa kwa jirani, au vibarua walikuwa ghali wiki ile. Ukiandika kwamba kuchelewa kwa simsim kunatokana na tabianchi pekee, msimamizi makini atakuuliza kuhusu maksai, na ni vizuri zaidi uwe umejiuliza mwenyewe kabla yake.

Sehemu ya tatu ni ile kauli ya vijana kuhusu mbegu, nayo usiidharau. Wazee wanasema mvua, vijana wanasema mbegu: hizo ni nadharia tete mbili, yaani dhana zinazosubiri kupimwa, zinazoshindana, na andiko zuri ni lile linaloeleza ni ushahidi gani ungeweza kumfanya mmoja wao abadili mawazo. Kwa mfano, panda mbegu ya nyumbani na mbegu iliyoboreshwa katika tarehe tatu tofauti, kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Ikiwa mbegu zote mbili zinashuka mavuno kwa kiasi kilekile kadiri tarehe inavyosogea mbele, wazee wana hoja. Ikiwa iliyoboreshwa inafanya vizuri katika tarehe zote, vijana wana hoja. Kumbuka pia kwamba simsim haipendi maji yanayotuama, kwa hiyo kuwahi sana kunaweza kuwa na hasara yake, na jaribio lako liweze kuionyesha hasara hiyo. Kituo cha utafiti cha Abi, kilicho chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo, NARO, kiko hukohuko kwenu. Nenda ukazungumze nao mapema, kwani mshirika wa ndani aliyekubali kwa maandishi huongeza uzito wa maombi.

Kuhusu kumpata msimamizi: soma makala za utafiti za miaka ya karibuni zinazohusu mwanzo wa misimu ya mvua katika Afrika Mashariki, au tarehe za kupanda, au simsim, na utazame ni nani aliyeshika vipimo kwa mkono wake. Mwandikie mtu huyo barua pepe fupi. Sentensi mbili kuhusu wewe ni nani na uko wapi, sentensi tatu au nne kuhusu swali lako na takwimu ulizo nazo tayari, sentensi moja inayoeleza ni jambo gani katika makala yake limekufanya umwandikie yeye na si mwingine, kisha swali lililo wazi: je, angekubali kukusimamia ikiwa utapata ufadhili fulani, unaoutaja kwa jina? Ambatisha wasifu wako na ukurasa mmoja wa andiko. Wapo wanaotuma barua moja ileile kwa maprofesa wengi kwa mkupuo, na maprofesa huitambua katika mstari wa kwanza. Ukikaa wiki mbili bila jibu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha nenda kwa mwingine bila kinyongo.

Nitoe mfano mmoja wa kuonyesha jinsi swali dogo linavyoweza kuwa na maana kubwa. Nchi nyingi za Afrika zinapohesabu gesi ya methani inayotoka kwa ng'ombe wasio wa maziwa, zimekuwa zikitumia kiwango kilichokadiriwa katika mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kilo 31 kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka, kana kwamba ng'ombe wa Ankole na ng'ombe wa Moroto wanakula majani yaleyale. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, mjini Nairobi ilijenga kituo kinachoitwa Mazingira, chenye vyumba maalumu vya kupimia pumzi ya mifugo, ili kupata vipimo vya hapa kwetu. Swali lao ni fupi: ng'ombe wetu hutoa kiasi gani hasa? Kutokana na ufupi huo wameweza kulijibu kwa vipimo, na vipimo hivyo vinahusu hesabu za nchi nzima. Lako linaweza kuwa la namna hiyo.

Mwanafunzi, Stuttgart

Kaka, nakubaliana na Mtafiti wa Namulonge kuhusu swali, lakini kuhusu utaratibu ningependa kuongeza jambo ambalo linaweza kukuokolea mwaka mzima: si kila ufadhili unataka msimamizi kabla. Inategemea kama unaomba nafasi ya utafiti au nafasi katika kozi.

Shirika la DAAD la Ujerumani lina mpango wa kozi za uzamili zinazohusiana na maendeleo, ambao orodha yake ya kozi hutangazwa upya kila mwaka. Katika mpango huo unaomba kupitia kozi yenyewe, na msimamizi wa tasnifu unampata baada ya kufika. Masharti yake makuu ni uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili baada ya shahada, na kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imezidi miaka sita. Wewe una miaka minne tayari, kwa hiyo uzoefu unatosha lakini mlango huo hautakaa wazi siku zote. Kama Ujerumani imo katika mawazo yako, iweke mbele.

Japani ni tofauti. Ufadhili wa serikali yao, MEXT, kupitia ubalozi wao mjini Kampala, hufunguliwa kwa kawaida karibu na Aprili au Mei, unataka mwombaji awe chini ya miaka 35, na unataka mpango wa utafiti tangu siku ya kwanza, pamoja na mitihani ya kuandika na usaili. Ukishapita mchujo wa ubalozi ndipo unapoviandikia vyuo vya Japani kuomba barua ya kukubaliwa kwa muda. Kwa hiyo kule andiko linatangulia na msimamizi rasmi hufuata, ingawa aliyekwisha kuwasiliana na profesa huwa na kazi nyepesi zaidi hatua hiyo ikifika.

Uingereza kuna Chevening, ufadhili wa serikali yao, ambayo hulipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, hutaka uzoefu wa miaka miwili, na hukufunga kurudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Uko pia mpango wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959, ambao Uganda imo. Zote ni nzuri, lakini kwa mtu anayetaka utafiti wa shambani, shahada ya mwaka mmoja ina tatizo ambalo halisemwi katika matangazo, nalo ni kalenda.

Naomba unisikilize vizuri hapa, kwa sababu nimewaona wenzangu wakikwama katika jambo hili. Masomo ya Uingereza huanza Septemba, na tasnifu huandikwa kati ya Juni na Septemba inayofuata. Simsim yenu inapandwa Julai na Agosti na kuvunwa hadi Novemba. Ina maana tasnifu itakusanywa kabla simsim haijavunwa. Hata hapa Ujerumani, ambako shahada ni ya miaka miwili, kozi nyingi zimeweka tasnifu katika muhula wa nne unaoanza Aprili, na usipozungumza na idara mapema utajikuta unaandika kuhusu zao ambalo lingali shambani. Ziko njia mbili za kutoka. Moja ni kuomba kufanya kazi ya shambani katika likizo ya mwisho wa mwaka wa kwanza, kuanzia Julai, jambo ambalo kozi nyingine hukubali na nyingine hukataa, kwa hiyo uliza kabla ya kuomba. Nyingine ni kufika ukiwa tayari na kumbukumbu za misimu iliyopita ulizoziandika mwenyewe ukiwa kazini, ili kazi ya huku iwe uchambuzi tu. Kwa mtu wa nafasi yako, ninaipendelea hii ya pili.

Kuhusu lugha, vyuo vingi hukubali barua kutoka chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, lakini si vyote. Vingine vinataka mtihani wa Kiingereza wa IELTS, ambao matokeo yake hutumika kwa miaka miwili, kwa hiyo usiharakishe kuulipia kabla hujajua unahitajika wapi.

Jambo moja nje ya swali lako, ila nadhani litakufariji. Chuo Kikuu cha Hohenheim, hapa Stuttgart, kilianzishwa mwaka 1818 kwa sababu ya njaa. Mlima wa volkano wa Tambora ulilipuka Indonesia mwaka 1815, gesi na majivu yake yakapunguza mwanga wa jua, na mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi na mavuno yakaharibika. Mfalme wa Württemberg ndipo akaanzisha shule ya kilimo ili watu wake wasife njaa tena. Ukieleza huku kwamba mvua zimebadilika na watu wanataka jibu, unaongea na watu ambao chuo chao kilizaliwa na swali hilohilo.

Mama wa Mvara

Mwanangu, hao wenzangu wamekwisha kueleza ya elimu. Mimi nilifanya kazi katika utumishi wa wilaya hadi nilipostaafu, na ninataka kukueleza ya makaratasi, kwa sababu vijana wetu wenye akili nzuri hukwama huko.

Kwanza, ruhusa ya masomo. Usisubiri barua ya ufadhili ndipo umwendee afisa mkuu tawala wa wilaya. Mwandikie mapema, kupitia kwa mkuu wa idara yako, ukieleza nia yako na jinsi masomo hayo yatakavyoisaidia wilaya, ili jina lako liingie katika mpango wa mafunzo ya watumishi. Utatakiwa kutia sahihi mkataba wa kurudi kazini baada ya masomo. Usiuogope, maana wafadhili wengi wa masomo ya maendeleo wanataka kuona kwamba una mahali pa kurudi. Umeuliza kama ajira yako ni kikwazo. Mtu aliyeajiriwa, mwenye barua ya mwajiri inayosema atapokewa tena, ana nguvu kuliko asiye na pa kurudi. Familia nayo iangalie mapema: ufadhili mmoja hutoa posho kwa mke na watoto, mwingine hautoi kitu, na hilo limo katika masharti ya kila mpango, lisomeni pamoja na mkeo kabla hujajaza fomu.

Pili, majina. Nimeona jina moja likiandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha UNEB, baraza la mitihani la taifa, kwa namna nyingine kwenye kitambulisho cha taifa, na kwa namna ya tatu kwenye hati ya chuo. Hapa nyumbani watu huelewana, lakini ubalozi hauelewi. Toa karatasi zako zote uziweke mezani leo, uzilinganishe herufi kwa herufi, na palipo na tofauti nenda kwa kamishna wa viapo, uirekebishe kisheria kabla ya kuomba pasipoti.

Tatu, barua za mapendekezo. Mhadhiri wa Gulu aliyekufundisha miaka minne iliyopita ana wanafunzi wengi, na asipokumbushwa ataandika kwamba ulikuwa mtulivu na mwenye bidii, maneno ambayo hayamsaidii mtu. Mwendee mwenyewe ikiwezekana, umpelekee ukurasa wako wa andiko, hati ya matokeo, na maelezo mafupi ya kazi uliyoifanya Terego, umpe muda usiopungua mwezi mmoja. Barua ya pili iandikwe na mkuu wako wa kazi, aliyekuona ukiwa shambani.

La mwisho: akija mtu kukuambia ana nafasi ya ufadhili anayoweza kukupatia kwa ada, muache. DAAD, Chevening na MEXT hazitozi ada ya maombi hata shilingi moja. Jirani yangu aliuza mbuzi kumlipa mtu wa namna hiyo, na hakuna kilichopatikana. Wala usijaze fomu za kila tangazo unaloliona. Mshika mbili moja humponyoka. Chagua mipango miwili au mitatu inayolingana na swali lako, uifanye vizuri.

Msomaji, Wandegeya

Kwa ufupi tu: usiisahau RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika vinavyofundisha kilimo, ulioanzishwa mwaka 2004, ambao makao yake yako hapa Makerere. Hutangaza nafasi za uzamili na uzamivu katika vyuo wanachama, na baadhi ya miradi yake humwezesha mwanafunzi kusajiliwa katika chuo cha Afrika na kufanya sehemu ya kazi kwingine. Na mtu akishasajiliwa kwa shahada ya juu, kuna mipango kama CLIFF-GRADS, inayohusu gesi joto zitokanazo na kilimo, ambayo imekuwa ikiwapeleka wanafunzi kwa miezi michache katika maabara za nchi nyingine. Kusajiliwa karibu na shamba lako na kwenda ng'ambo kwa muda mfupi kupata ujuzi ambao haupo hapa kunaliondoa kabisa lile tatizo la kalenda lililotajwa na ndugu wa Stuttgart.

Afisa Kilimo wa Terego

Nawashukuru sana, kila mmoja kwa nafasi yake. Mama, karatasi zangu nimezilinganisha, na jina la baba kwenye cheti cha kidato cha nne limepungukiwa herufi moja, nimekwisha kulishughulikia. Mkuu wa idara naye amekubali kuipitisha barua yangu.

Nimejaribu kuliandika swali langu upya, naomba mlikosoe: "Je, kuchelewa kwa mwanzo wa mvua za kwanza tangu mwaka 1981 kumesogeza mbele tarehe ya kupanda simsim katika wilaya ya Terego, na je, upungufu wa mavuno unatokana zaidi na tarehe hiyo au na aina ya mbegu?" Nimefikiria kuwahusisha pia wakimbizi wa makazi ya Imvepi, kwa kuwa nao wanalima simsim katika maeneo madogo, tena kuchukua sampuli za udongo kutoka mashamba yote na kuzipeleka zipimwe katika chuo nitakachopata. Je, hilo litaongeza nguvu ya andiko?

Mtafiti wa Namulonge

Swali limekaa vizuri, ila kuna neno moja la kurekebisha. Umeandika "kuchelewa kwa mwanzo wa mvua" kana kwamba kumethibitishwa. Andika "je, mwanzo wa mvua za kwanza umebadilika", kwa sababu huenda takwimu zikakuonyesha kwamba wastani wa tarehe haujasogea sana, na kilichoongezeka ni kutotabirika: mwaka huu zinawahi, mwaka ujao zinachelewa. Kwa mkulima hayo ni matatizo mawili yenye dawa tofauti. Tarehe ikisogea kwa utaratibu, anaweza kubadili kalenda yake. Isipotabirika, anahitaji mahindi yanayokomaa mapema na utabiri unaomfikia kwa wakati. Ukiliandika swali likiwa wazi kwa majibu yote mawili, msomaji ataona kwamba unatafuta ukweli.

Kuhusu Imvepi, ninaelewa kwa nini unawafikiria, na ni watu wanaostahili kufanyiwa utafiti wao. Lakini kufanya utafiti katika makazi ya wakimbizi kunahitaji kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, juu ya usajili wa kawaida wa utafiti katika Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na idhini ya kamati ya maadili. Kwa uzamili, hatua hizo zinaweza kuumaliza muda wako wote. Tena mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi aliyogawiwa hufanya maamuzi tofauti na mwenye ekari zake, kwa hiyo lingekuwa swali la pili ndani ya andiko moja. Lihifadhi kwa ajili ya uzamivu.

Udongo uache kabisa usivuke mpaka. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu udongo kutoka nchi kama yetu kuingia isipokuwa kwa kibali maalumu cha kisayansi, na andiko linalosema "sampuli zitasafirishwa" bila kueleza kibali hicho linamwonyesha msomaji kwamba mpango haujafikiriwa hadi mwisho. Maabara ya utafiti wa kilimo ya Kawanda, hapa nchini, hupima udongo. Weka gharama hiyo kwenye bajeti, kwa shilingi, na useme zitapimiwa huko.

Kilichobaki kinahusu msimu huu. Mahindi yangali shambani na simsim haijapandwa. Chagua wakulima thelathini hivi, wa vijiji tofauti, wenye maksai na wasio nao, uwaeleze unachokifanya na uwaombe ridhaa, kisha uandike tarehe za kuvuna, kulima na kupanda kwa kila mmoja, pamoja na mbegu aliyotumia na mahali alipoipata. Weka kipimo cha mvua kwenye ofisi ya kaunti ndogo, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata Jumapili. Jedwali hilo likiwa na msimu mmoja kamili, lipunguze liwe nusu ukurasa, uliambatishe kwenye barua yako ya kwanza kwa msimamizi. Ukipenda, liweke hapa kabla ya kulituma, nami nitalisoma.